Robo ya Nne

"Tumeingia robo ya nne," daktari alisema, na mimi nikatafsiri hivyo hivyo, neno kwa neno. Nilikuwa na miezi minne tu katika kazi ya ukalimani wa Kiswahili, kwenye kliniki moja ndogo ambayo sitaitaja, mashariki mwa jimbo la Iowa, Marekani. Mbele yangu alikaa baba mmoja Mkongomani, koti la baridi limefungwa hadi shingoni ingawa chumbani kulikuwa na joto, mwanawe amemlalia mapajani. Daktari alikuwa akitabasamu. Baba hakutabasamu. Alinitazama mimi, akauliza kwa sauti ya chini, "Ya nne?"

Nikajibu ndiyo, ya nne.

Siku mbili baadaye nilipigiwa simu na msimamizi wangu. Yule baba alikuwa hajala wala hajalala. Kaka yake alifariki kwa saratani walipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na kitu pekee alichokumbuka kutoka kwa waganga wa kule ni maneno "hatua ya nne". Aliposikia kinywani mwangu "robo ya nne", alijua kwamba mtoto anakwenda. Kumbe daktari alikuwa amemwambia habari njema: matibabu yamefika ukingoni, bado kidogo tu yaishe. Alikuwa amezungumza kwa lugha ya mchezo wao wa futiboli ya Kimarekani, ambao una robo nne, na robo ya nne ndiyo ya kumalizia.

Kosa lilikuwa langu. Mkalimani ana haki, na kwa kweli ana wajibu, wa kusimamisha mazungumzo na kusema, "Mkalimani anaomba ufafanuzi." Sikusema. Niliona aibu kuonekana sielewi Kiingereza. Kwa aibu yangu, mzazi alikaa siku mbili akimuaga mwanawe kimoyomoyo. Nilimpigia mwenyewe kumwomba radhi, na alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza timu ya chuo kikuu cha Iowa, wanaoitwa Hawkeyes.

Mimi ni mtu wa Ujiji, Kigoma. Kwetu ukisema mpira watu wanajua unazungumzia mpira wa miguu, Simba na Yanga, au mechi ya Jumapili pale uwanja wa Lake Tanganyika. Huu mwingine niliuona kwenye televisheni nikawa nauchukulia kama watu wanaogongana vichwa. Lakini nilihamia Iowa City, mji wenye wakazi wapata 75,000, na katikati yake umesimama uwanja unaoingiza watu zaidi ya 69,000. Jumamosi ya mechi mji unavaa nyeusi na njano: mwalimu, dereva wa basi, mchungaji, mtoto wa chekechea. Lugha ya mji mzima imejaa mchezo huo. Ukitaka kutafsiri maneno ya watu wa namna hiyo bila kujua wanachokipenda, utakosea tena, na tena atakayeumia ni mgonjwa.

Ghorofa ya chini yetu alikuwa anaishi mzee mmoja mjane, mtoto wa mkulima, aliyestaafu kazi ya kiwandani. Nilimgongea mlango nikiwa na daftari, nikamwambia shida yangu. Hakucheka. Alivuta kiti cha pili karibu na redio (yeye aliangalia picha kwenye televisheni lakini sauti alisikiliza ya redio, kwa sababu watangazaji wa redio ndio wa nyumbani), akaniambia, "Kaa hapa, binti. Tuanze na uwanja."

Mchezo wenyewe nitauweka kwa kifupi. Wachezaji 11 kwa 11. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifanikiwa inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Ukiuvusha mpira mstari wa mwisho unapata pointi 6. Ukiupiga kwa mguu ukapita katikati ya nguzo unapata 3. Robo nne, kila moja dakika 15, ingawa kwa kusimamasimama kwao mechi inachukua zaidi ya saa tatu. Hiyo nilishika kwa jioni moja. Kilichonichukua misimu miwili ni watu.

Uwanja unaitwa Kinnick, kwa jina la Nile Kinnick. Timu ilianza kucheza mwaka 1889, lakini ukimwuliza mtu wa Iowa historia inaanza wapi, wengi watakwambia 1939. Mwaka 1937 walishinda mechi moja tu, mwaka 1938 vilevile moja. Akaja kocha Eddie Anderson, ambaye pia alikuwa daktari wa kutibu watu, akakuta wachezaji wachache walio tayari kwa kazi. Wengi wao walicheza dakika zote 60, wakishambulia na kulinda bila kutoka, ndiyo maana wakaitwa Watu wa Chuma. Novemba 1939 waliifunga timu ya chuo cha Notre Dame 7-6, na wiki iliyofuata wakaifunga Minnesota 13-9. Kinnick alikuwa anakimbia na mpira, anarusha, anapiga kwa mguu, na akirudi nyuma anazuia. Mwisho wa mwaka akapewa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote Marekani, na mpaka leo hakuna mwingine wa Iowa aliyeipata.

Siku ya kuipokea, vita vilikuwa vimeshawaka Ulaya. Katika hotuba yake alimshukuru Mungu kwamba yeye na wenzake wamejaliwa viwanja vya michezo vya kwao, si viwanja vya vita vya Ulaya. Akaingia shule ya sheria, kisha akajiunga na jeshi la majini kama rubani. Tarehe 2 Juni 1943 ndege yake ilivuja oili akiwa kwenye mazoezi, akatua baharini karibu na Venezuela. Mwili wake haukupatikana. Alikuwa na umri wa miaka 24, na jezi aliyovaa uwanjani ilikuwa namba 24.

Nje ya uwanja kuna sanamu yake. Nilitarajia kumkuta amebeba mpira, mguu mmoja hewani. Nilimkuta amevaa nguo za kawaida, ameshika vitabu, na helmeti yake iko chini miguuni. Wachezaji wakiingia uwanjani wanaigusa ile helmeti. Nilisimama pale muda mrefu siku ya kwanza. Watu hawa walipopata nafasi ya kumchonga shujaa wao, walimchonga mwanafunzi.

Baada ya Kinnick mzee alinipeleka nyuma zaidi, kwa Duke Slater, na huyu ndiye niliyempenda kuliko wote. Alikuwa mtoto wa mchungaji, kijana mweusi, alisoma sekondari katika mji wa Clinton, kando ya mto Mississippi. Shuleni kila mchezaji alitakiwa ajinunulie viatu na helmeti. Nyumbani pesa ilitosha kitu kimoja. Akachagua viatu. Akazoea kucheza kichwa wazi, na hata alipofika chuo kikuu, akacheza kuanzia 1918 hadi 1921, mara nyingi alikuwa kichwa wazi. Kuna picha maarufu ya mwaka 1921, Iowa ilipoifunga Notre Dame 10-7 na kukatisha mfululizo wa mechi 20 ambazo Notre Dame walikuwa wameshinda: Slater hana helmeti, ameinama, amewasukuma wapinzani kadhaa peke yake ili mwenzake apite na mpira. Msimu ule Iowa haikupoteza hata mechi moja. Slater alicheza kulipwa miaka ya 1920, huku akisoma sheria kidogo kidogo hadi akamaliza mwaka 1928, na baadaye akawa jaji mjini Chicago. Mwaka 2021 chuo kiliamua kwamba eneo la kuchezea ndani ya uwanja ule litaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo leo timu inacheza katika Uwanja wa Kinnick, juu ya kiwanja cha Slater.

Niliwahi kuwasimulia habari hiyo vijana wa Kikongomani kanisani, wale ambao wazazi wao waliwahi kuchagua kati ya ada na chakula. Hawakuhitaji kufafanuliwa kwa nini mtu achague viatu.

Kuna hadithi nyingine ambayo watu wa Iowa huisimulia wakicheka, na mimi siwezi kuisimulia hivyo. Iowa na Minnesota hugombea nguruwe wa shaba aitwaye Floyd wa Rosedale. Chanzo chake ni mchezaji mweusi wa Iowa, Ozzie Simmons, kijana kutoka Texas. Mwaka 1934 Minnesota walimwangusha na kumgonga kwa makusudi mara nyingi hadi akashindwa kuendelea na mechi. Mwaka uliofuata, siku chache kabla ya mechi, gavana wa Iowa alisema hadharani kwamba waamuzi wakiyavumilia tena mambo yale, mashabiki hawatavumilia. Hali ikawa ya hatari. Gavana wa Minnesota, Floyd Olson, akatuma simu ya maandishi kupoza mambo: tuwekeane nguruwe, atakayefungwa atoe. Iowa ikafungwa 13-6, nguruwe hai akapelekwa hadi ofisini kwa Olson, baadaye akachongwa wa shaba. Mpango ule ulizuia vurugu, na hilo nalikubali. Lakini nilimwuliza mzee mbona nguruwe anajulikana na kila mtoto wa jimbo hili, na jina la Simmons ni mpaka uulize. Alikaa kimya, akazima sauti ya redio. Halafu akasema hata yeye alilijua akiwa mtu mzima. Tangu siku hiyo, kila akizungumzia nguruwe mbele ya wageni, anaanza na Simmons.

Mataji je? Yapo, ila si mengi kama ya wakubwa wengine wa Big Ten, ligi yao. Chini ya kocha Forest Evashevski walishinda Rose Bowl, ile mechi kubwa ya mwaka mpya huko California, mwaka 1957 na tena 1959, na kwa msimu wa 1958 chama cha waandishi wa futiboli kiliwapa ubingwa wa taifa. Miaka michache baadaye giza. Misimu 19 mfululizo bila hata mmoja ambao ushindi ulizidi vipigo. Mwaka 1973 walicheza mechi 11 wakapoteza zote 11. Mzee alikuwa anakwenda uwanjani miaka yote hiyo. Nilipomwuliza alikuwa anafuata nini, alisema baba yake alikuwa na tiketi mbili, basi walikwenda.

Aliyewatoa shimoni ni Hayden Fry, Mtexas aliyeanza kazi 1979. Alibadilisha jezi, akaleta nembo mpya ya mwewe, akapaka rangi ya waridi chumba cha kubadilishia nguo cha wageni kwa imani kwamba rangi hiyo inapunguza ukali wa mtu. Mwaka 1981 akawapeleka Rose Bowl. Lakini kitu ambacho mzee alikisimulia machozi yakimlengalenga ni kibandiko. Miaka ya 1980 wakulima wa Iowa walikuwa wanafilisika, mashamba ya vizazi vitatu yanapigwa mnada na benki. Mwaka 1985 Fry aliweka kwenye helmeti za wachezaji kibandiko cha duara chenye herufi ANF, maana yake Marekani inahitaji wakulima. Timu ile ndiyo ilikuwa namba moja nchini, taifa zima linaitazama. Tarehe 19 Oktoba 1985 ikakutana na Michigan, namba mbili. Iowa haikuvuka mstari wa mwisho hata mara moja siku hiyo. Rob Houghtlin alipiga mipira minne kwa mguu, ya mwisho wakati saa inaisha, ikawa 12-10. Shamba la baba wa mzee lilikuwa limeshauzwa. Alikuwa uwanjani. Anasema watu walikumbatiana na wasiowajua, na wengi wao walikuwa na mikono migumu ya wakulima.

Katika daftari langu nilikuwa naandika msemo upande mmoja na maana upande wa pili. "Robo ya nne: mwisho umekaribia, SI hatua ya ugonjwa." Nyingine iliyonitisha ni ile ya kuita jaribio la mwisho "Salamu Maria". Mkongomani Mkatoliki akiambiwa na daktari kwamba dawa hii ni Salamu Maria, atatoa rozari. Maana yake ni pasi ndefu sana inayorushwa sekunde za mwisho kwa matumaini tu. Mzee alinionyesha mfano wake: tarehe 1 Januari 2005, mechi na LSU, timu ya chuo cha jimbo la Louisiana, huko Florida, sekunde zinakatika, Drew Tate akarusha, Warren Holloway akadaka na kuingia, yadi 56, 30-25. Holloway alikuwa mwaka wa mwisho na hajawahi kufunga katika maisha yake yote ya chuo. Lile likawa bao lake la kwanza na la pekee. Nikaandika: "Nafasi ni ndogo, lakini ipo." Hiyo tafsiri nimeitumia mara tatu tangu wakati ule, na kila mara baada ya kumwomba daktari athibitishe.

Mwaka 2017, Februari, hospitali mpya ya watoto ya chuo kikuu ilifunguliwa, jengo refu la vioo ng'ambo ya barabara kutoka uwanjani, na ghorofa ya juu ina ukumbi ambao ukisimama dirishani unaliona jukwaa zima. Kabla msimu haujaanza, shabiki mmoja alitoa wazo mtandaoni: robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima ugeuke uwapungie watoto. Tarehe 2 Septemba, mechi na Wyoming, wakafanya. Hakuna aliyelipwa wala kuamrishwa. Wamefanya hivyo kila mechi ya nyumbani tangu siku ile.

Tarehe 23 Septemba niliitwa jioni hospitalini hapo kwa ajili ya mama mmoja wa kutoka Fizi, Kivu ya Kusini, aliyekuja Iowa kupitia Nyarugusu. Ameniruhusu kusimulia mradi nisimtaje yeye wala mwanawe wala ugonjwa, na sitavitaja. Kazi ya kutafsiri iliisha mapema. Muuguzi akasema kama mama anapenda ampandishe mtoto juu akaone mpira. Mama akanishika mkono: "Dada, twende wote." Saa yangu ya kazi ilikuwa imekwisha, nikaenda.

Iowa ilikuwa inacheza na Penn State, timu ya nne kwa ubora nchini wakati huo. Jua lilikuwa linazama. Mtoto alikaa kwenye kiti cha magurudumu, kipaji cha uso kimegusa kioo, pumzi yake ikikiwekea ukungu, naye akiufuta kwa kiganja kila mara ili aone. Robo ya kwanza ikaisha. Uwanja ukanyamaza kidogo, kisha watu wote wakageuka. Wachezaji wa timu zote mbili, waamuzi, askari, waliovaa njano na waliovaa nyeupe, mikono juu. Taa za simu zikaanza kuwaka, jukwaa baada ya jukwaa.

Mama akanivuta shati. "Bale bantu bote banasalimia nani?"

Hapo hapakuwa na wa kumtafsiria; swali lilikuwa langu. Nikamwambia, "Wanamsalimia mwanao."

Hakusema kitu. Alichukua mkono wa mtoto, ule usiokuwa na sindano ya dripu, akauinua taratibu. Mtoto akaendelea mwenyewe. Aliendelea kupunga hata robo ya pili ilipokwisha kuanza na watu wamegeukia mpira, na hakuna aliyemwambia aache.

Tulibaki. Mtoto alisinzia, mama akawa ananiuliza sheria, nami nikajikuta namweleza yadi na majaribio manne kama nilivyoelezwa. Iowa walikuwa wanaongoza 19-15 robo ya nne. Mpigo wa mwisho kabisa wa mechi, Penn State wakarusha mpira ukadakwa ndani ya mstari. 21-19. Tuliona kupitia kioo maelfu ya watu wakisimama bila kusogea.

"Bameshindwa?"

"Wameshindwa."

"Batarudia lini?"

Nikamwambia hapa nyumbani ni tarehe 7 Oktoba, na Illinois. Akafikiri. Akaniuliza kama tarehe hiyo wao watakuwa bado wako hospitalini. Nikamwambia hilo si langu kulijibu, amwulize daktari, na mimi nitakuwepo.

Asubuhi yake alimwuliza. Daktari alivuta kiti akakaa usawa wa macho yake, akajibu kwa maneno ya kawaida, bila robo na bila yadi: wiki mbili, huenda tatu. Nikatafsiri. Mama akahesabu kwa vidole juu ya shuka, akafika Jumamosi ya pili, akamtazama mtoto.

"Basi tutabapungia tena."